Mtandao Upo, Data Hazifunguki

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya kaskazini-mashariki, Kasomeno ndipo njia inapogawanyika. Mkono mmoja unakwenda Kasenga, kwenye mto Luapula unaoitenganisha Kongo na Zambia. Mwingine unaelekea kaskazini hadi Pweto, kando ya ziwa Mweru. Njia panda kama hii ni mahali pa kuulizana habari za safari: wapi pamekwama lori, kizuizi gani kimefungwa, nani amelala porini siku mbili na mzigo wake wa makaa.

Tuseme hapo yupo karani wa takwimu za afya, mama mmoja wa kubuni, mwenye kompyuta ndogo na modemu. Siku ya mwisho ya kutuma ripoti ya mwezi imekaribia. Amekwisha jaza watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria na akina mama waliojifungua. Anabonyeza kitufe cha kutuma. Ukurasa unageuka mweupe, na juu yake imesimama sentensi moja kavu: haiwezekani kuunganishwa na hifadhidata.

Anachofanya baada ya hapo, nani hajawahi kukifanya? Anazima modemu na kuiwasha tena. Ananunua megabaiti nyingine. Anabadili laini. Mwisho anatoka nje na kupanda kichuguu, simu mkononi, akitafuta rezo. Vichuguu vya Katanga si vya mchezo, vingine vinaipita nyumba kwa kimo, na mtu akisimama juu yake huonekana kutoka mbali.

Jasho la bure. Ile sentensi haikutungwa na kompyuta yake. Imeandikwa na seva iliyo mbali, labda Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, labda Ulaya. Imesafiri njia yote, ikapita kwenye mnara wa simu, ikafika mezani kwake ikiwa nzima. Mtandao ungekuwa umekatika, asingeisoma. Kwa hiyo ujumbe uliomtuma kichuguuni ndio ushahidi kwamba hakuwa na haja ya kwenda huko.

Kosa hili la kushuku mtandao limewapotezea watu fedha na saa nyingi. Wanaopotea si makarani peke yao. Mafundi nao hupotea, ila wao hupotelea ndani zaidi.

Mtu anayetumia tovuti huiona kama kitu kimoja, kumbe ina angalau watumishi wawili. Fikiria famasi ya hospitali. Kuna mtu wa dirishani anayepokea karatasi ya daktari, na kuna depo nyuma ambako dawa zimepangwa. Mgonjwa haingii depo kamwe. Mtu wa dirishani ni programu ya tovuti, depo ni hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata na mafundi wa mjini huiita databezi tu. Mtu wa dirishani akikwambia, "Depo haifunguki leo," hutakwenda kukagua viatu vyako wala njia uliyopitia. Umemsikia vizuri, basi dirishani umefika. Shida iko kati yake na depo.

Mfumo unaotumiwa na zoni za afya za Kongo kupokea takwimu za namna hii ni DHIS2. Ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, kisha ukakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Leo uko katika nchi zaidi ya 70, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Dirisha lake limeandikwa kwa lugha ya Java, na depo yake ni PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Kongo ina zoni za afya 519, na 27 kati ya hizo ziko Haut-Katanga. Mtu apige hesabu mwenyewe ya watu wanaogonga dirisha moja wakati tarehe ya mwisho inapokaribia.

Kenya ilionja ugumu wa njia hii mapema. Mwaka 2011, ilipoueneza DHIS2 nchi nzima, ilichagua kuweka seva moja ya kati badala ya nakala ya mfumo katika kila wilaya. Intaneti ya chumba cha seva cha wizara jijini Nairobi haikutosha, ikabidi kukodi seva kwa kampuni ya nje, na makarani wakapewa modemu za simu. Kutokana na shida za uwanjani, DHIS2 ikaongezewa uwezo wa kuandika takwimu wakati mtandao haupo: kivinjari kinazitunza ndani ya kompyuta, na muunganisho ukirudi zinapelekwa. Kumbuka jambo hilo, litamfaa mama wa Kasomeno.

Je, mtandao wenyewe ukikatika kweli, dalili zake zikoje? Hazifanani kabisa na hizi. Agosti 2023 maporomoko ya tope chini ya bahari, katika bonde refu lililo mbele ya mdomo wa mto Kongo, yalikata nyaya za intaneti za WACS na SAT-3. Meli ya Léon Thévenin ilitumwa kutoka Cape Town kuzitengeneza, na hadi kazi ilipomalizika wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Tarehe 12 Mei 2024 zikakatika EASSy na Seacom upande wa bahari ya Hindi, na Tanzania ikaumia kuliko majirani wengi. Siku kama hizo watu hawapati ujumbe wa hifadhidata. Kurasa hazifunguki, video zinaganda, na kivinjari chenyewe ndicho kinacholalamika kwamba tovuti haipatikani. Tovuti moja ikigoma na nyingine kumi zikifunguka, nyaya za baharini zimesingiziwa.

Sasa tuingie chumba cha seva.

Fundi mzuri huanza kwa kusoma, na kusoma kwenyewe si kwa juujuu. Hifadhidata ina njia nyingi za kukataa, na kila moja ina maneno yake. Chukua MySQL, programu iliyo nyuma ya mamilioni ya tovuti ndogo. Ikishindwa kufikiwa kwa mtandao, hutoa kosa namba 2003, na mwisho wa mstari kuna namba nyingine ambayo wengi hawaitazami. Katika Linux namba hiyo huwa 111 au 110. Tarakimu moja tu imebadilika, na habari imebadilika yote.

Namba 111 maana yake umefika kwenye mashine ile, umegonga, na mashine imekujibu kwamba hapa hakuna wa kukupokea. Barabara ni nzima, mwenyeji ndiye hayupo. Pengine hifadhidata imezimika. Pengine iko hai lakini inasikiliza poti nyingine. Poti ni namba ya mlango: MySQL kwa kawaida hukaa 3306, PostgreSQL 5432. Na mara nyingi sana, hasa kwenye Debian na Ubuntu, MySQL imefungwa hivi kwamba inawasikiliza walio ndani ya mashine yake tu, na mgeni kutoka mashine ya jirani hana atakayemjibu.

Namba 110 ni kimya. Umegonga, umesubiri, muda umekwisha, hakuna sauti. Dereva wa njia ya Pweto anaijua tofauti hii bila kusoma kompyuta. Kwenye kizuizi mlinzi humwambia rudi, naye anageuza gari saa ile ile. Ila mvua ikichukua daraja hakuna wa kumwambia lolote. Magari yaliyotangulia hayarudi, na yeye anakaa akingoja. Kimya cha namba 110 mara nyingi ni kazi ya programu ya ulinzi, ile ambayo mafundi huiita fayawoli, inayomeza ujumbe wa mgeni bila kujibu. Au anwani iliyoandikwa ni ya mashine isiyokuwapo tena. Anayepata 110 na kuanza kuwasha upya hifadhidata anatibu jino kwa dawa ya minyoo.

Halafu kuna wale waliofika mlangoni, wakafunguliwa, wakaulizwa wao ni nani. Kosa 1045 linasema jina au neno la siri halikubaliki. Hapa MySQL ina tabia inayowatesa wageni: haimjui mtu kwa jina tu, inamjua kwa jina pamoja na mahali anapotoka. Mtumiaji aitwaye ripoti anayetoka ndani ya seva ni mmoja, na ripoti anayetoka mashine nyingine ni mtu mwingine, hata neno la siri likiwa lile lile. Tovuti ikihamishiwa seva mpya, neno la siri linakuwa sahihi na mlango unafungwa. Mwaka 2018 toleo la 8.0 lilileta utaratibu mpya wa kuhakiki maneno ya siri, na programu za zamani za PHP hazikuuelewa. Watu waliandika neno lile lile mara kumi, wakiamini vidole vyao ndivyo vinavyokosea.

Neno localhost nalo lina hila yake. Maana yake ni hapa hapa, ndani ya mashine hii. Katika Linux, MySQL ikiona neno hilo haipiti kwenye mtandao kabisa. Inapitia faili maalumu liitwalo soketi. Ukiandika 127.0.0.1, ambayo nayo ni mashine ile ile, inapita njia ya mtandao. Ndiyo maana neno moja linaweza kukubali na jingine kukataa, ingawa yote mawili yanakupeleka nyumba ile ile. Na fundi akihamishia hifadhidata kwenye mashine ya pili huku neno localhost limebaki katika faili la mipangilio, programu itaendelea kumtafuta nyumbani mtu aliyekwisha hama. Hilo huja kama kosa 2002.

Kabla hatujaiacha MySQL: nembo yake ni pomboo, na pomboo huyo anaitwa Sakila. Jina lilipendekezwa na Ambrose Twebaze, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Eswatini na asili yake Uganda. Alieleza kwamba ni jina la kike la Kiswati, na pia ni jina la mji mmoja huko Arusha. Mtanzania anayehangaika na kosa 1045 usiku wa manane walau ajue kwamba jina la nyumbani limemtangulia.

Makosa hayo yote yana wema mmoja: yakiwapo, yapo muda wote. Unajaribu, linatokea, unarekebisha, linakwisha. Yanayochosha ni yale ya kuja na kuondoka. Asubuhi mfumo unakwenda, saa nne unakwama, saa sita umerudi wenyewe, na fundi akiitwa hakuti kitu. Hapo mkosaji mara nyingi ni idadi ya miunganisho.

Kufungua muunganisho na hifadhidata ni kazi yenye gharama. Lazima mgeni atambuliwe, na PostgreSQL humwekea kila mmoja mtumishi wake anayekula kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo programu za tovuti hazifungui na kufunga kila mara. Huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha fungua, kama mwenye baiskeli za kukodisha aliyezipanga langoni. Ombi likija linachukua baiskeli, linakwenda depo, linarudi, linaiacha kwa mwingine. Ombi moja halichukui hata sekunde, hivyo baiskeli chache huhudumia watu wengi.

DHIS2, bila kuguswa, huruhusu akiba ya miunganisho 80. PostgreSQL, bila kuguswa, hupokea 100, na katika hiyo 3 imewekwa pembeni kwa msimamizi, ikabaki 97. Themanini inaingia katika 97 bila taabu. Kisha siku moja mtu anapata wazo jema la kuweka mfumo wa pili kwa ajili ya mafunzo, juu ya PostgreSQL ile ile. Nao una ruhusa ya 80. Jumla 160. Hakuna kinacholalamika siku hiyo, wala wiki hiyo, kwa sababu mafunzo hayajaanza na ripoti hazijafika. Yakikutana mafunzo na tarehe ya mwisho, wa 98 anakuta mlango umefungwa. Fundi anayewasili jioni anakuta miunganisho 20 tu, anaandika kwamba mfumo hauna tatizo, anarudi nyumbani. Maelekezo ya DHIS2 yenyewe yanashauri PostgreSQL iongezwe hadi 200, ila ushauri ulio katikati ya ukurasa mrefu wa maelekezo ni wangapi wanaoufikia?

MySQL kwa kawaida hupokea 151, na huacha nafasi moja ya ziada kwa msimamizi ili aingie kutazama wakati wengine wamefungiwa nje, kosa 1040 likiwaka kila mahali. Nafasi hiyo ni ya thamani. Kwa amri moja msimamizi anaorodhesha kila muunganisho: wa nani, unatoka wapi, unafanya nini, tangu lini. PostgreSQL ina jedwali la kazi hiyo, pg_stat_activity. Siri nyingi hufichuka hapo. Ukiona wote 97 wanafanya kazi kweli, watu ni wengi au kuna swali zito linalojikokota. Ukiona 90 wamesinzia, mahali fulani katika programu kuna njia inayochukua baiskeli bila kuirudisha. Kwa kawaida ni njia ya makosa: mambo yakienda sawa muunganisho unarudishwa, yakiharibika katikati mstari wa kuurudisha unarukwa. MySQL humvumilia aliyesinzia kwa sekunde 28,800, yaani saa 8 nzima, kabla ya kumtoa.

Wabaya zaidi ni wale walioanza kazi, wakashika mistari fulani ya data, kisha wakalala na ufunguo mfukoni. Wengine wanaohitaji mistari ile wanapanga foleni nyuma yao, kila mmoja akiwa ameshika baiskeli yake, mpaka lango linabaki tupu.

Kuwasha seva upya huponya yote haya kwa dakika moja. Ndiyo maana kunapendwa, na ndiyo maana ugonjwa hurudi Jumatano ijayo: kila aliyesinzia amefukuzwa, na orodha iliyomtaja imefutika. Dakika mbili za kuinakili orodha kabla ya kuzima chochote zina faida kuliko siku mbili za kubahatisha baadaye.

Dawa nyingine ya haraka ni kuongeza namba. Mia haitoshi? Tia elfu moja. Lakini kila muunganisho wa PostgreSQL ni mtumishi anayelishwa, na mashine ndogo yenye watumishi elfu moja hukosa hewa. Kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, iliwahi kuweka 8,000. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mafundi wake walipokuwa wakihangaika kurudisha nakala ya hifadhidata yao kwenye seva ya pili, PostgreSQL ilikataa kuwaka kwa sababu ya namba hiyo, wakaishusha hadi 2,000. Nakala haikukubali bado. Usiku ulikuwa umekwenda. Mmoja wao akaamua kufuta folda ya data katika seva ya pili ili aanze upya, akaandika amri, na baada ya sekunde moja au mbili akatambua kwamba dirisha alilokuwa akiandikia lilikuwa la seva ya kwanza, ile inayohudumia watu. Akasimamisha. Katika gigabaiti zipatazo 300 zilisalia 4.5. Njia zao za kuhifadhi nakala, walipozikimbilia moja baada ya nyingine, hazikuwa na kitu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa sababu nyingine kabisa. GitLab haikuficha; iliandika kisa chote hadharani, namba kwa namba, na kurasa hizo zimefundisha watu wengi kuliko vitabu kadhaa.

Umeme nao una neno lake, hasa Katanga, ambako sehemu kubwa ya nguvu huletwa kutoka bwawa la Inga kwa laini ya kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982. Umeme ukizimika ghafla, PostgreSQL haipotezi akili, kwa sababu huandika kila badiliko katika daftari la kwanza kabla ya kuligusa faili lenyewe. Ukirudi, inalisoma daftari hilo na kuyarudia mabadiliko ambayo hayakuwa yamefika kwenye faili. Wakati huo inawajibu wateja kwamba ndiyo kwanza inaamka. Anayeiua na kuiwasha tena kwa kukosa subira anaifanya ianze kusoma upya. Diski ikijaa ni jambo jingine: daftari halina pa kuandikwa, na hifadhidata inasimama. Kuangalia nafasi ya diski ni amri ya herufi mbili, df, na inashangaza jinsi inavyokumbukwa mwisho.

Turudi njia panda. Mama ameshuka kichuguuni, ametulia, na safari hii anaandika ujumbe wa maana: "Jambo, papa. Nimetuma fomu ya mwezi saa 10:14 ya Lubumbashi. Imesema haiwezi kuunganishwa na hifadhidata. Ukurasa wa kuingilia unafunguka, tovuti zingine zinafunguka. Mwenzangu wa Kasenga amepata hivyo hivyo." Amebandika na picha ya skrini.

Ameandika saa ya Lubumbashi, na hilo si dogo. Kongo ina majira mawili, na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Seva nyingi nazo huandika kumbukumbu zake kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya Lubumbashi kwa saa mbili. Angesema tu "saa nne", fundi aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa angeanza kutafuta alfajiri.

Fundi anakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa 08:14. Anakuta wateja wamejaa, wa mwisho amekataliwa. Anafungua orodha: miunganisho 80 ni ya mfumo wa mafunzo, 76 kati ya hiyo imesinzia tangu jana jioni. Anainakili orodha, anawatoa waliolala, anaushusha mfumo wa mafunzo hadi 10. Kisha anajibu: "Jaribu sasa, mama."

Fomu ilikuwa bado imetunzwa ndani ya kivinjari, na watoto wote waliochanjwa. Safari hii hakuondoka kitini.